Wanawake wa Vita Vyetu



Wapendwa waamini, kila mwaka ifikapo 27 Februari, mji wetu wa Songea huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Miongoni mwa mashujaa hao, ambao ni zaidi ya 60, yumo mwanamke mmoja tu, Nkomanile. Jina lake tunalisikia, lakini tukiulizwa alifanya nini, wengi wetu hunyamaza.

Nkomanile alikuwa mtawala wa Kitanda. Mwaka 1905 ndiye aliyempokea Kinjala, mjumbe aliyeleta dawa ya maji huku Ungoni, na kupitia kwake habari ile ikawafikia wakuu wa Wangoni. Hakuwa mpishi wa wapiganaji (ingawa kupika nako ni kazi ya vita, maana jeshi lenye njaa halifiki mbali). Alikuwa kiongozi, na Wajerumani walimnyonga kama kiongozi. Inasikitisha kwamba adui aliutambua uzito wake mapema kuliko sisi wajukuu zake.

Hata hivyo, nachelea tusije tukamtaja yeye peke yake tukadhani deni limekwisha. Mwaka 1918, jeshi la Lettow-Vorbeck lilipovuka tena mto Ruvuma na kupitia hapa Songea, msafara wake ulikuwa na wake wa askari, waliotembea mwendo uleule wa wanaume, watoto wakiwa mgongoni. Vitabu vinamsifu jenerali.

Karibu zaidi na siku zetu kuna vita vya ukombozi wa Msumbiji. Mwaka 1967 wasichana wa Frelimo walianza mafunzo ya kijeshi Nachingwea, wakawa kikosi cha wanawake. Walibeba silaha kichwani kuvuka mpaka, wakalinda maeneo yaliyokombolewa, wakalea yatima wa vita. Mmoja wao, Josina, alifunga ndoa na Samora Machel mwaka 1969 huko Tunduru, katika mkoa wetu huu, akafariki Dar es Salaam 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25. Msumbiji wameifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Wanawake. Sisi tuliokuwa wenyeji wao hatukumbuki hata akina mama wa kwetu waliogawana unga na wakimbizi.

Wapo wanaosema kwamba aliyebeba mzigo si askari. Sikubaliani nao. Risasi haifiki msituni kwa miguu yake. Mtu ameibeba, na akikamatwa nayo hufa kama aliyeshika bunduki. Debora na Yaeli wametajwa kwa majina katika kitabu cha Waamuzi, tena bila kuonewa haya.

Naziomba Jumuiya Ndogo Ndogo, zitakapokutana wiki hii, ziwaulize bibi zetu wazee: nani katika ukoo alibeba, alificha, alilisha, alizika? Andikeni jina na kijiji, hata kama ni jina moja tu. Orodha ziletwe ofisi ya parokia, ili majina hayo yasomwe katika Misa ya Marehemu Wote, 2 Novemba.