Mashine za Watungaji Zisifutwe

Umezuka mtindo miongoni mwa wapenzi wa mashine za zamani za michezo ya video, hasa katika Marekani, Ulaya na Japani. Mtu hununua mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya watungaji wa michezo peke yao, akaifungua, akaigeuza iwe kama zile zilizouzwa madukani, na wenzake wakamsifu kwa ufundi wake. Sisi twaona kwamba katika kazi hiyo mambo mawili yamechanganywa, moja jema na jingine la uharibifu. Yafaa yatenganishwe mapema, kwani mashine zenyewe ni chache na haziongezeki.

Tuchukue mfano wa Xbox ya kwanza ya kampuni ya Microsoft, iliyoanza kuuzwa Marekani tarehe 15 Novemba, 2001. Ile ya dukani ilikuwa na prosesa ya Intel ya megahezi 733, chipu ya picha ya Nvidia, diski ngumu, na kumbukumbu ya megabaiti 64. Ziliuzwa zaidi ya milioni 24 duniani. Lakini mashine hiyo ilikataa programu yoyote isiyotiwa muhuri wa siri wa kampuni, na mtungaji hawezi kungoja muhuri kila anaposahihisha mstari mmoja wa kazi yake. Kwa hiyo watungaji walipewa mashine ya namna nyingine. Kwa umbo ilifanana sana na ile ya kawaida, ila kumbukumbu yake ilikuwa ya megabaiti 128, ili pawe na nafasi ya vyombo vya kutafutia makosa, na mfumo wake uliikubali kazi ambayo haijakamilika. Mashine hizo hazikuwekwa madukani. Zilitolewa kwa makampuni yaliyotia sahihi mikataba, na mikataba hiyo ilidai siri itunzwe.

Zilitokaje basi mikononi mwa makampuni hayo? Jibu si la ajabu. Kampuni ya michezo hufilisika, vitu vyake hupigwa mnada pamoja na viti na meza. Au ofisi huhamishwa, na kilichoonekana kuwa chuma chakavu kikatupwa au kikachukuliwa na mfanyakazi. Mara nyingi hakuna aliyekumbuka kufuta diski. Hapo ndipo ilipo thamani. Ndani ya diski hiyo huenda mkawa na mchezo ulioachwa katikati, au sehemu iliyokatwa mchezo ulipokaribia kutolewa, au toleo lililotayarishwa kwa maonyesho ya siku mbili tatu na halikuonekana tena. Yaani mna rasimu. Kila mwenye kuandika anajua rasimu humfunza mwanafunzi mambo ambayo kitabu kilichokamilika kimekwisha kuyaficha.

Sasa mnunuzi huyo anaifikisha mashine nyumbani. Anaona haikukusudiwa kuchezea diski za dukani, na yeye anataka kucheza. Basi anauandika upya mfumo wake, anaing'oa diski ndogo ya zamani au kuifuta, anatia kubwa, na jioni hiyo anacheza. Alichokifuta hakijui, kwa kuwa hakukitazama.

Tusieleweke vibaya. Hatuungi mkono wale wasemao mashine ya namna hii isiguswe kabisa, ifungiwe kabatini kama hirizi. Rai hiyo ni ya kijinga, na mwenye kuifuata ataamka siku moja na kukuta maiti. Katika Xbox nyingi za kwanza, isipokuwa zile za toleo la mwisho, mna kapasita ndogo ya kuhifadhi saa kwa muda wa saa chache mashine inapochomolewa umeme. Kapasita hiyo ina aibu yake: inazeeka, inavuja, na maji yake hula nyuzi nyembamba za shaba zilizochorwa juu ya ubao. Haijali kwamba mashine haitumiki. Huvuja hata ikiwa imehifadhiwa katika sanduku lake la kwanza, na mwenyewe akaja kugundua siku ambayo mashine inajiwasha yenyewe au inakataa kuwaka. Dawa yake ni kuing'oa, kuusafisha ubao, na kukubali kwamba saa itapotea kila umeme ukikatika. Mwenye kuifanya kazi hiyo kwa mkono usiotetemeka ametenda wema, na hapaswi kuitwa mharibifu. Twasema zaidi: mtoza vitu anayeikataa kazi hiyo ili mashine yake ipate bei ya juu mnadani kwa kuwa haijafunguliwa, huyo ndiye mharibifu.

Vivyo hivyo hatuna ugomvi na kufungua kwa nia ya kujua. Mwaka 2002 Andrew Huang, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya juu katika chuo cha MIT, alitega chombo chake katika njia ya mawasiliano kati ya chipu za Xbox, akausoma ufunguo wa siri uliokuwa ukipita hapo. Aliyoyapata aliyaandika katika kitabu mwaka 2003, baada ya mchapishaji wake wa kwanza kujitoa kwa kuogopa sheria. Mengi yanayojulikana leo juu ya mashine hiyo yana mzizi katika kazi kama ile. Lakini angalia tofauti. Huang alifungua, akasoma, akaandika, na wengine wakasoma. Huyu wa kwetu amefungua, akafuta, akacheza.

Watetezi wa mtindo huu wana hoja mbili. Ya kwanza husema: mali ni yangu. Hata kama ni kweli, na kwa mashine iliyotolewa kwa mkataba jambo hilo lina mashaka, haki ya kumiliki kitu haimzuii mtu kukinakili kabla ya kukibadilisha. Kunakili diski ya gigabaiti chache ni kazi ya saa moja au mbili kwa kompyuta ya kawaida, na chipu inayobeba mfumo husomwa kwa muda mfupi kuliko huo.

Hoja ya pili ina uzito kidogo. Wanasema wanaitaka ile kumbukumbu ya megabaiti 128, kwa sababu programu nyingi zilizoandikwa na wapenzi wa mashine hii hunufaika nayo. Hapo jibu limo katika ubao wenyewe. Katika mashine nyingi za dukani, mafundi wa kiwandani waliacha nafasi nne tupu za chipu za kumbukumbu. Anayejua kulehemu hutia chipu nne zilizobaki, akabadilisha mfumo, akapata megabaiti 128 katika mashine ya kawaida. Kazi hiyo si nyepesi, miguu ya chipu ni midogo na imesongamana, lakini imefanywa na watu wengi. Basi ikiwa zipo milioni 24 za kawaida, na ya kawaida yaweza kupewa nguvu ile ile, kuna sababu gani ya kuichukua ile moja ya mtungaji na kuifuta? Sisi hatuioni, ila tamaa ya kuonyesha kitu ambacho jirani hana.

Tena si kweli kwamba rasimu hizi hazina wa kuzitaka. Mwaka 2003 mchezo wa Halo 2 ulionyeshwa katika maonyesho ya E3 huko Los Angeles kwa sehemu moja iliyopigwa katika mji, na watazamaji wakaipenda mno. Mchezo ulipotoka tarehe 9 Novemba, 2004, sehemu ile haikuwamo. Ilichukua miaka 20 kamili kabla ya watu wa kawaida kuweza kuicheza, Novemba 2024, na katika kuifufua wenye mchezo walishirikiana na kundi la wapenzi waliokuwa wakichimbua mafaili ya zamani. Kampuni tajiri namna ile ilihitaji msaada wa watu wenye bisibisi na subira.

Hapo ndipo tunapogeukia makampuni. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 na shirika la Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 ilikuwa haipatikani tena kununuliwa kwa njia ya kawaida. Hiyo ni michezo iliyokamilika na kuuzwa. Rasimu zake hazikuhesabiwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kufuli za kielektroniki. Tangu mwaka 2015 maktaba, nyaraka na majumba ya makumbusho yamepewa ruhusa fulani ya kuhifadhi michezo, lakini Oktoba 2024 ombi la kuwaruhusu watafiti kuitumia wakiwa mbali na jengo lilikataliwa, na wenye viwanda vya michezo walikuwa miongoni mwa waliolipinga. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye mashine ya mtungaji anaogopa kuipeleka mahali inapostahili. Anajua kwamba akisema anayo, huenda akaulizwa aliipataje. Njia rahisi kwake ni kunyamaza, kufuta na kucheza. Kwa hiyo sehemu ya lawama ya diski zilizofutwa iko kwa wale wanaotishia.

Msomaji atauliza, haya yatuhusu nini sisi, mashine za Marekani na michezo ya vijana wa huko? Yatuhusu kwa sababu bandari zetu hupokea kompyuta na vyombo vya elektroniki vilivyotumika ng'ambo, na mafundi wetu huvifungua kila siku. Fundi anayeletewa diski kuukuu huifuta ili aiuze, wala hatumlaumu, kwani anatafuta riziki na hakuna aliyemwambia atazame kwanza. Huyu wa Ulaya au Marekani aliyelipa fedha nyingi kwa mashine adimu, akijua ni adimu, hana udhuru huo.

Twashauri hivi. Mwenye mashine ya mtungaji aing'oe kapasita mwezi huu, asingoje. Ainakili diski na mfumo kabla ya kuchomeka chuma cha kulehemu kwa kazi nyingine yoyote, na diski ya asili aiweke kando na karatasi inayosema ilitoka katika mashine gani. Nakala moja aipeleke kwa watu wa kuhifadhi. Nayo Microsoft, ambayo iliifunga huduma ya mtandao ya Xbox hiyo ya kwanza tarehe 15 Aprili, 2010 na haina tena biashara ya kuilinda humo, itangaze kwa maandishi kwamba anayeleta nakala ya namna hiyo hatashtakiwa wala kunyang'anywa mashine yake.