Geji Isiyojua Iseme Haijui

Wadau, leo nina ugomvi na waandika programu wenzangu, hasa sisi vijana wa Mombasa tunaotengeneza mifumo ya magari, matangi na maghala. Sensa ikikatika, tunaacha ile namba ya mwisho kwenye skrini kana kwamba ni ya dakika hii. Au tunaweka 0. Mteja anaona namba, anaridhika, sisi tunalipwa. Mimi nauita huo uongo, na uongo wa aina hii umeshaangusha ndege.

Tuanze Kanada. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada, safari namba 143, iliruka na geji za mafuta zisizoonyesha kitu. Kompyuta ya kupima mafuta ilikuwa na njia mbili, moja ikifa nyingine ishike kazi. Kumbe kiungo kimoja kililehemiwa vibaya, njia ile haikufa kabisa, ilikufa nusu, kwa hiyo mfumo haukuhamia njia nzima. (Mnaojivunia seva za akiba, sentensi hiyo isomeni mara mbili.)

Lakini geji tupu ilikuwa kweli tupu! Ilisema sijui. Balaa lilianza pale watu walipoziba pengo. Walipima kwa vijiti wakapata lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Kugeuza lita kuwa kilo wakazidisha kwa 1.77, ambayo ni hesabu ya paundi. Ya kilo ni kama 0.8. Wakaongeza lita 4,916 wakati zilitakiwa takriban 20,000. Kisha 22,300 ikaandikwa kwenye kompyuta ya safari, nayo ikatii, ikaanza kutoa mafuta yanayotumika kutoka kwenye namba ya kuandikwa kwa mkono. Injini zilizimika angani. Rubani Robert Pearson alikuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, akaielea hadi Gimli. Watu wote 69 walipona.

Wa Tuninter hawakuwa na bahati hiyo. Tarehe 6 Agosti 2005 ndege yao aina ya ATR 72 ilikuwa imefungwa geji ya ATR 42, ndege ndogo zaidi. Iliingia kwenye nafasi yake bila shida, ikawaka, ikasoma mafuta ambayo hayakuwepo. Ndege ikaangukia baharini karibu na Palermo na watu 16 kati ya 39 wakafa. Hakuna kilichouliza, "Wewe ni geji ya ndege gani?"

Sasa njoo kwetu. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian, safari namba 961, ilitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watekaji watatu walitaka iende Australia. Rubani Leul Abate aliwaambia mafuta hayatoshi. Wao wakashika jarida la ndani ya ndege lililoandika ndege ile inaweza kuruka saa 11. Jarida lilisema kweli, bwana! Lilitaja uwezo wa ndege tangi likiwa limejaa, si mafuta yaliyokuwamo siku ile. Ilianguka baharini Ngazija, mbele ya hoteli ya Galawa. Watu 125 kati ya 175 walikufa, akiwemo Mohamed Amin, mpiga picha Mkenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia ya 1984.

Rubani akitilia shaka geji huchukua mafuta aliyoondoka nayo, hutoa yale ambayo vipimo vya injini vinasema yametumika, halafu hulinganisha na geji ya tangi. Zikipishana hachagui iliyo tamu. Hupanga kwa ile ndogo na kutafuta uwanja wa karibu. Kwa nini programu zetu zishindwe? Kila namba itembee na saa yake na chanzo chake. Vyanzo viwili vikigombana, onyesha vyote viwili. Kisichojulikana kiandikwe "haijulikani". Sifuri ni kipimo, jamani!

Najua jibu: ati mtumiaji atachanganyikiwa. Dereva wa tuktuk ninayempanda kutoka Makadara hadi Mji wa Kale, geji yake imekufa. Anahesabu safari tangu alipojaza, na kila akisimama anafungua kifuniko cha tangi anachungulia. Hajachanganyikiwa. Angechanganyikiwa kama mshale ungeganda kwenye nusu.

Mteja mmoja wa hapa kisiwani, mwenye tenka za mafuta, aliniambia alama ya kuuliza inaharibu sura ya skrini, niweke namba ya mwisho tu. Nimekataa. Mkataba uko mezani kwake hadi leo, haujasainiwa, na kodi ya nyumba inakaribia.