Land Rover ya baba, injini ya Hiace: nini kimebadilishwa chini ya rangi mpya?

Kwenye uchochoro mmoja wa Mwananyamala, si mbali na Komakoma, tulikuta Land Rover 109 imepandishwa juu ya magogo. Injini haipo. Milango imeegemezwa ukutani pembeni ya ndoo za maji za jirani, na fundi amelala chini ya gari akigonga chasisi kwa nyundo ndogo huku akisikiliza. Chuma kikilia kizima, anasogea mbele. Kikilia kama debe, anaweka alama ya chaki.

Mwenye gari ni mkulima wa viazi kutoka nyanda za juu. Gari alilirithi kwa marehemu baba yake, aliyelinunua zamani kwenye mnada wa Serikali. Hana shida na gari la maonyesho. Anataka gari litakalowaka kila asubuhi ya baridi, lishuke na magunia na lipande na watu, siku sita kwa wiki.

Magari ya namna hii yanazidi kuonekana kwenye gereji za Kinondoni na Temeke, na yakimaliza kutengenezwa mengi hurudi mikoani, ama kwa wenyewe, ama kwa mnunuzi aliyetumiwa picha kwenye simu. Wanaotuandikia wanauliza swali moja kwa maneno tofauti: je, inafaa kuweka fedha kwenye gari lenye umri wa kuwa babu? Jibu letu ni kwamba inaweza kufaa, ila mara nyingi fedha huwekwa mahali pasipo sahihi.

Kwa nini sasa

Tuanze na kodi, kwa sababu inaeleza mengi. Gari la abiria lililotumika, lenye umri wa zaidi ya miaka 10, likiingia Tanzania Bara hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini (asilimia 10 kama injini inazidi sisi 2,000), kisha ushuru mwingine wa asilimia 30 kwa sababu ya uzee tu. Juu yake inakuja VAT ya asilimia 18. Gari lililofika bandarini kwa thamani ya shilingi milioni 10 linaweza kudaiwa zaidi ya milioni 10 na nusu, kabla ya tozo ndogondogo. Viwango hivi huguswa kila bajeti ya Juni, na pikapu za mizigo zina hesabu yake, kwa hiyo kabla ya kuagiza pitia kikokotoo cha TRA. Lakini umeona picha. Kwa mtu ambaye tayari ana chuma cha zamani nyuma ya nyumba, kilichosajiliwa nchini na kodi yake ililipwa enzi za wazee, kukifufua huanza kuonekana ni busara.

Jirani zetu Kenya wamekwenda mbali zaidi: gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kabisa kuingizwa.

Sababu ya pili ni barabara. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, inasimamia mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000 za barabara za wilaya, na sehemu kubwa ni udongo. Masika yakija, gari dogo la mjini linabaki kijiwe cha lami na kinachopita ni trekta, pikipiki na yale magari ambayo magurudumu yote manne yanavuta.

Ya tatu ni mapenzi, tusiyadharau. Oktoba 2024 jiji la Arusha lilijaa Land Rover za kila umri kwenye tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo, iliyokuwa ikishikiliwa na Ujerumani. Baada ya hapo, gari lililokuwa banda la kuku likaanza kuitwa mali.

Kilichooza hakionekani

Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948, Uingereza ikiwa bado na uhaba wa chuma baada ya vita, na ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Alumini haili kutu kama chuma. Chasisi na mihimili, hata hivyo, ni chuma kitupu. Hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika: mwili unang'aa, mifupa imeoza.

Dar es Salaam inaongeza tatizo kwa chumvi ya baharini. Chasisi ya Land Rover ni boksi lenye uwazi ndani, na tope likiingia kwenye uwazi huo hukaa na unyevu kwa miaka. Kutu huanzia ndani na kuja nje, hasa nyuma, pale springi zinaposhikia. Siku utakayoiona, chuma kimebaki unene wa karatasi.

Kwa hiyo ukipelekewa gari lililopakwa chini rangi nyeusi nzito, mbichi, inayonukia, usifurahi upesi. Inaweza kuwa kinga nzuri. Inaweza pia kuwa blanketi. Omba nyundo, gonga mwenyewe. Muuzaji akikasirika kwa sababu ya nyundo ndogo, hiyo nayo ni taarifa.

Fundi wa Mwananyamala alikuwa ameweka alama sita za chaki. Chuma hicho atakikata na kuchomelea kipya, siyo kubandika kiraka juu ya kilichooza. Kazi hiyo itakula siku nyingi na haitaonekana kwenye picha hata moja.

Injini: hapa Toyota ameshinda

Land Rover nyingi za 109 zilikuja na injini ya sisi 2,286, ya petroli au dizeli. Ya petroli inakunywa. Ya dizeli ina nguvu farasi zisizozidi 65, kwa gari zito lenye watu kumi na magunia. Mlimani mtu wa miguu anakusalimia, anakupita.

Wenye mfuko hutafuta injini za baadaye za Land Rover yenyewe, 200Tdi au 300Tdi, za lita 2.5 zenye turbo. Ya pili, iliyotoka mwaka 1994, ina nguvu farasi 111 na haitegemei kompyuta kuwaka. Injini ya Td5, iliyoanza mwaka 1998, ina nguvu zaidi lakini inaongozwa kwa umeme. Sensa moja ikikataa ukiwa Ludewa, fundi wa Ludewa mwenye spana nzuri na akili timamu hana la kukusaidia bila kifaa cha kusomea.

Wengi, basi, wanaishia kwenye injini za Toyota za Hiace na Hilux: 2L, 3L, 5L. Wapenzi wa Land Rover hukunja uso. Sisi tunaona hoja ina uzito. Nozeli, fanibelti na gaskiti za 3L zinapatikana hata kwenye duka la spea la mji mdogo, na kila fundi aliwahi kuifungua. Injini hizi za mtumba zinauzwa Gerezani na Ilala. Ukinunua, dai risiti ya EFD yenye namba ya injini. Tutaeleza mbele kwa nini karatasi hiyo ni muhimu.

Ila kuna jambo fundi mzuri atakuambia na fundi wa haraka atalinyamazia. Nguvu ikiongezwa mbele, kinachofuata nyuma ndicho kinachokatika. Giaboksi ya zamani ilikatiwa kipimo cha injini dhaifu. Shafti za magurudumu ya nyuma vivyo hivyo. Difu yake ya asili imepangwa kwa mwendo wa polepole, kwa hiyo hata ukiweka injini ya kisasa, gari litapiga kelele kwenye lami bila kukimbia. Watu huweka difu nyepesi zaidi ili litembee barabara kuu, na hapo wanapunguza ile nguvu ya kupandia mlima waliyokuwa wanaitafuta. Mwenye gari wetu alipoelezwa hivyo aliacha difu ilivyo. Kwake, alisema, barabara kuu ni siku moja kwa mwezi.

Breki ndiyo kesi yenyewe

Tumekaa sana kwenye injini kwa sababu ndiyo inayozungumzwa vijiweni. Linaloua ni hili lingine.

Land Rover 109 ilitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne. Nyingi za zamani zina njia moja tu ya mafuta ya breki. Bomba moja likipasuka, au raba moja ya silinda ikichoka, mguu unashuka hadi sakafuni na hakuna gurudumu linaloshika. Dramu zikilowa mtoni, zinateleza hadi zikauke. Zikipata moto kwenye mteremko mrefu, kama Kitonga kule Iringa au barabara ya kushuka Lushoto, hupoteza mshiko polepole, na dereva anagundua akiwa katikati ya kona.

Sasa chukua gari hilo, lipe injini yenye nguvu karibu mara mbili. Limefufuliwa kwenda, halijafufuliwa kusimama.

Kuna mtego wa pili uliojificha. Busta ya breki, ile sahani nene inayokupunguzia kazi ya mguu, hufanya kazi kwa mvuto wa hewa. Injini ya petroli inautoa mvuto huo bure kwenye njia yake ya kuvuta hewa. Injini ya dizeli haina mvuto wa kutosha hapo, lazima iwe na pampu yake. Kwenye injini nyingi za dizeli za Toyota pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta. Mtu akitoa injini ya petroli na kuweka ya dizeli iliyofungiwa alteneta ya kawaida, isiyo na pampu, busta inabaki pambo. Ukiwa peke yako gereji utaona breki ni ngumu kidogo tu. Ukiwa na tani moja nyuma utaona kitu kingine.

Kipimo chake hakihitaji mtaalamu. Gari likiwa limezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Kama busta inafanya kazi, utaisikia pedali inazama kidogo chini ya mguu wako. Isipozama, uliza mrija wa mvuto umeunganishwa wapi.

Gereji zinazofanya kazi kwa ukamilifu huweka masta silinda yenye njia mbili, ili upande mmoja ukifa mwingine ubaki, na huhamishia mbele breki za diski kutoka Land Rover za baadaye. Si kazi ya bei poa. Lakini mwaka 2018 kampuni ya Land Rover yenyewe ilipoamua kuzifufua Defender za zamani, magari 150 tu, kwa kuziwekea injini ya V8 na kuziuza kuanzia pauni 150,000, haikuishia kwenye injini. Ilibadilisha breki na springi pia. Tajiri wa London haendi kushuka Kitonga na viazi, na bado walimbadilishia.

Mengine tunayapita haraka. Stelingi ya pawa ni raha, na kwa mwenye umri mkubwa ni afya. Waya za umeme zibadilishwe zote na kila njia iwe na fyuzi yake, maana waya za miaka 40 huanzisha moto. Viti laini na redio kubwa vingoje mavuno ya mwaka ujao.

Kinachofaa Dar kisichofaa kwenu

Dar es Salaam sasa kuna wimbi la kufunga mifumo ya gesi asilia kwenye magari ya petroli, na kwa dereva wa teksi hesabu inalipa. Kwa Land Rover inayokwenda kuishi Kilindi au Mbulu, mtungi huo ni mzigo, kwa kuwa vituo vya kujazia vimejikusanya Dar na jirani zake.

Nairobi kuna kampuni, Roam, iliyoanzishwa mwaka 2017 kwa jina la Opibus, iliyong'oa injini za magari ya utalii na kuweka mota za umeme. Kwa gari linalorudi kambini kila jioni na kuchajiwa, ni wazo zuri. Kwa sasa hatuoni likimfikia mkulima wetu, bei ya betri ikiwa hivi na umeme wa kijijini ukikatika unavyokatika.

Kadi

Yule mkulima alikuwa na tatizo moja ambalo nyundo haiwezi kulisikia. Kadi ya gari bado ina jina la marehemu baba yake, na namba ya injini iliyoandikwa ni ya ile iliyong'olewa.

Kadi ya usajili hubeba namba ya chasisi na ya injini. Ukibadilisha injini, rekodi ya TRA nayo ibadilishwe, gari likaguliwe, na uonyeshe injini mpya umeipata wapi. Ndiyo maana ya ile risiti ya EFD. Bila hivyo, siku ya ajali kampuni ya bima ina sababu ya kuuliza maswali, na siku ya ukaguzi polisi ana sababu ya kushuku kwamba injini ni ya wizi. Kwa gari la urithi, msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ndiye anayeweza kusaini uhamisho.

Magari ya minada yana kasoro yake. Mengine yalinunuliwa yakiwa na namba za Serikali, STK au SU au DFP, yakaegeshwa shambani bila kusajiliwa upya. Ukiuziwa gari la namna hiyo, omba hati ya mnada kabla ya kuomba bei.

Tulipoondoka Mwananyamala fundi alikuwa anachomelea alama ya tatu ya chaki. Mwenye gari hakuwepo. Alikuwa amepanda basi la asubuhi kurudi nyumbani kumtafuta mjomba wake, aliyebaki na karatasi za mnada.