KABLA HUJALETA FUNGU LA KUMI LA BONASI

 

Kila mwaka, mwezi wa kumi ukikaribia, maombi yetu hubadilika. Kuanzia Litein hadi Mogogosiek, kutoka Kapkatet mpaka Kapkoros, kila mtu anamwomba Mungu bonasi ya majani chai iwe nzuri. Si vibaya. Karo iko pale, loni ya sacco iko pale, na nyumba iliyoishia kwenye lenta inangoja mabati.

Lakini bonasi ya mwaka 2025 iliposhuka katika viwanda vyetu, wengine waliuliza kama Mungu ametusahau sisi wa upande huu na kuwakumbuka wa Mlima Kenya.

Mpendwa, usisome upendo wa Mungu kwenye karatasi ya malipo. Kiwango cha bonasi kinatokana na bei ya mnada wa Mombasa, thamani ya dola, gharama za kiwanda na jinsi kiwanda kinavyosimamiwa. Hayo tuyaulize, tena kwa sauti. Wakurugenzi wa viwanda huchaguliwa na wakulima, basi wachague vizuri. Ila usimlaumu Mungu kwa hesabu za wanadamu.

Wingi wa Mungu hauji mara moja kwa mwaka. Angalia shamba lako. Unachuna majani mawili na chipukizi, na baada ya wiki moja au mbili unarudi kwenye mti ule ule na kukuta mengine. Hata mvua ya mawe ikipiga, mti huchipuka tena. Hiyo ndiyo mana yetu (Kutoka 16). Inakuja kidogo kidogo, lakini inakuja.

Sasa nataka tuongee jambo ambalo wachungaji wengi hatulisemi wakati wa bonasi.

Soma 2 Wafalme 4. Mjane alikuwa na deni, na mdai alitaka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mungu akamjazia vyombo vyote mafuta. Muujiza ulipokwisha, Elisha alimwambia nini? Hakumwambia alete sadaka ya shukrani. Hakuomba hata chupa moja ya yale mafuta. Alimwambia auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Deni lilitangulia.

Na wengi wetu tuna deni ambalo halimo kwenye orodha ya sacco. Ni deni la yule mchunaji wa majani.

Unamjua. Anaingia shambani asubuhi umande ukiwa bado juu ya majani, kikapu mgongoni. Anachuna, anabeba mpaka kituoni, karani anapima. Kilo zinaandikwa kwa jina lako. Mwisho wa mwezi anakuja kwako, unamwambia, "Ngoja bonasi." Bonasi ikija unamwambia, "Imekuja kidogo, nitakupunguzia."

Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inaagiza kibarua maskini alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua. Yakobo 5:4 inasema mshahara uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele, na Bwana anausikia. Fikiria hilo. Unaimba Jumapili mikono juu, na pesa za mchunaji ziko mfukoni mwako zikipiga kelele kuliko wimbo wako.

Utaniambia, "Pasta, hata mimi nimepunjwa." Nakusikia. Lakini kilo alizochuna hazikupungua kwa sababu bonasi ilipungua. Mlikubaliana bei ya kilo, hamkukubaliana bei ya mnada. Na tukilia kwamba walio juu yetu wanakata jasho letu, kisha tukakata la aliye chini yetu, kilio chetu kitakuwa na uzito gani mbele za Mungu?

Kwa hiyo nasema wazi, hata kama kapu la sadaka litakuwa jepesi: usilete fungu la kumi la bonasi ukiwa bado unadaiwa na mchunaji wako. Yesu alisema katika Mathayo 5:23-24 uache sadaka pale madhabahuni, uende kwanza upatane na ndugu yako. Madhabahu haitahama. Utaikuta.

Na kuanzia mwezi huu, nunua daftari. Andika kilo za kila siku, yeye aone, wewe uone. Mlipe kutoka kwa malipo ya mwezi, usingoje mwezi wa kumi. Huo nao ni utakatifu, ingawa hakuna anayeutolea ushuhuda.

Ukikubaliana nami, usiandike Amina kwanza. Mpigie mchunaji wako simu, mpigie hesabu, mtumie pesa zake kwa M-Pesa. Ukimaliza, rudi hapa uandike Amina.

Bwana abariki mashamba yenu na mikono yote inayoyachuna.