Utaalamu Ushuke Hadi Sudi

Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa Zanzibar mwaka 1978. Kabla ya hapo, Profesa Keto Mshigeni alikwisha kuhimiza kilimo cha mwani, ambacho mwaka 1989 kilianza kibiashara Zanzibar, kisha kikafika mwambao wa Lindi.

Leo joto la bahari laua kotonii, mwani wenye bei nzuri kuliko spinosamu. Chembe hai za mmea huchunguzwa maabarani, lakini mmea wenyewe hufia majini.

Hivyo uongozi wa utafiti hauna budi kupimwa kwa jambo moja: wataalamu wangapi wamekanyaga matope, toka Kilwa hadi Sudi, wakawasikiliza akina mama wenye kamba tupu, wakawarudia na mbegu inayostahimili? Elimu iliyogharimiwa na wakulima ni deni. Deni hulipwa.