MAJANI YA MALISHO SI UGANGA

Siku hizi wafugaji wa kondoo katika nchi nyingi washauriwa kuwachanganyia wana-kondoo chakula na vitu vitokavyo katika mimea: vitunguu saumu, mafuta ya majani yenye harufu kali, na majani yenye tanini, kitu kile kile ambacho watengenezaji wa ngozi hukipata katika magome ya miwati. Sisi twaliunga mkono jambo hili, lakini kwa masharti.

Sababu yake ni nzito. Kwa miaka mingi mifugo ilipewa antibiotiki hata isipougua, ili inenepe upesi. Vijidudu vikazoea dawa ambazo nyingine ni za jamaa moja na zile ziwaponyazo watu. Uswidi ilipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya wote mwaka 2006. Minyoo nayo ni vivyo hivyo. Dawa ya thiabendazole ilianza kuuzwa mwaka 1961. Kufika mwaka 1964 ilikwisha onekana minyoo ya kondoo isiyoijali. Na mnyoo ufyonzao damu tumboni hauna huruma: kope za mwana-kondoo hupauka ndani, taya huvimba, naye hufa.

Katika majimbo ya kusini ya Marekani, wana-kondoo waliolishwa majani makavu ya lespedeza, yenye tanini nyingi, walipungukiwa na mayai ya minyoo katika mavi yao. Hiyo ni faida ya kweli.

Lakini kitu kuwa cha asili si hoja ya kuwa salama. Tanini ikizidi, mnyama hukataa chakula na hudumaa. Lukina, iliyopandwa sana Afrika Mashariki, ina protini nyingi, lakini pia ina sumu ya mimosini. Mnyama asiyeizoea akilishwa hiyo tupu hunyonyoka manyoya na kuota rovu.

Kwa hiyo twasema: auzaye mchanganyiko wa majani aeleze kilichomo, kipimo chake na majaribio yaliyofanywa. Wataalamu wapime migunga na majani yetu wenyewe. Mfugaji naye asitupe dawa, bali aiweke kwa mnyama aliye mgonjwa. Azitazame kope za wanyama wake, wala asiwaache wale nyasi hadi mizizini, ambako minyoo michanga hujificha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Dawa iliyopoteza nguvu hairudishwi kwa fedha.