Kufunguliwa akaunti si kulipwa fidia

Mzee mmoja mfugaji wa Golbanti aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alikuwa ameuza ng'ombe Garsen, na pesa akaziweka benki badala ya kurudi nazo njiani. "Mwanangu," akasema, "wakizifunga pesa hizi kwa makosa, kisha waje kusema samahani, hiyo samahani nitanunulia ng'ombe?"

Si swali la mchezo, na sisi watu wa Pwani tumeliona likitokea. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walishambulia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148. Siku chache baadaye Serikali ilitoa orodha ya watu na mashirika 86 waliodaiwa kuhusishwa na ugaidi, na akaunti zikafungwa. Humo mlikuwa na kampuni 13 za hawala, pamoja na mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, MUHURI na HAKI Africa. Mashirika hayo mawili yalikwenda Mahakama Kuu hapo Mombasa, na Novemba 2015 Jaji Anyara Emukule akaamuru akaunti zao zifunguliwe.

Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini hesabu miezi: Aprili hadi Novemba ni miezi saba. Kodi ya nyumba haingojei hukumu, wala mshahara wa mlinzi. Na hawala zikifungwa, anayelala njaa si mwenye kampuni peke yake, ni mama anayetegemea pesa za mwanawe aliye ng'ambo. Amri ya kufungua hurudisha kilichobaki ndani ya akaunti. Haimrudishii mtu kilichopotea nje yake.

Hilo lilikuwa la Serikali. Huku kwetu Tana River akaunti yaweza kufungwa kwa jambo dogo zaidi, yaani deni. Mtu akikushinda kesi, Agizo la 23 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai linamruhusu kuomba mahakama izuie pesa zako zilizo benki. Ombi lile la kwanza husikizwa wewe mwenyewe hupo. Benki ikishapokea amri, pesa hazitoki mpaka siku ya kusikizwa. Hapo ndipo makosa huingia: pengine deni lilishalipwa, au jina limefanana, au akaunti ni ya mweka hazina lakini pesa ni za chama. Kanuni zinaipa benki nafasi ya kusema kwamba pesa hizo ni za mtu mwingine. Lakini benki itajuaje, kama chama kizima kimewekwa kwa jina la mtu mmoja?

Taib, fidia je? Ipo. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinasema kwamba mshtakiwa aliyezuiliwa mali yake bila sababu za kutosha aweza kuomba fidia katika kesi ile ile. Ombi hilo likishaamuliwa, hawezi tena kufungua kesi nyingine kwa jambo hilo. Aliyekosewa na Serikali ana Katiba: kifungu cha 40 kinalinda mali, na kifungu cha 23 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru fidia.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Mahakama zetu zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba hasara mahususi lazima itajwe na ithibitishwe shilingi kwa shilingi. Uingereza kuna kesi maarufu ya 1996. Mfanyabiashara aliyesafirisha bidhaa Nigeria alikataliwa kimakosa hundi ya pauni 4,550 na Woolwich. Alipewa pauni 5,550 kwa kuharibiwa jina na imani ya kibiashara. Ila faida ya biashara iliyomponyoka hakupewa, kwa kuwa Woolwich haikuwa imeambiwa kwamba hundi ikichelewa hata siku moja biashara ile ingevunjika.

Basi somo kwa mzee wangu ni hili. Akaunti ikifungwa, andikia benki siku hiyo hiyo, ueleze pesa ni za nini na nini kitaharibika. Weka risiti za mauzo, barua za shule, jina la aliyekuwa akuuzie mbegu. Chama kiwe na akaunti kwa jina la chama. Na usilale: kesi ya kudai fidia kwa kosa la mtu binafsi ina miaka mitatu, lakini kwa kosa la Serikali sheria ya ukomo inatoa miezi kumi na miwili tu. Mto ukifura na barabara ikakatika, miezi hiyo haisimami. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, ni juu ya kuandika deni.

Lakini si haki mzigo wote umwangukie mfugaji. Aliyeomba akaunti ifungwe ndiye aliyekuwa na wakili, na muda wa kujipanga. Mwenye akaunti alijua mambo alipofika dirishani akaambiwa hakuna pesa. Kwa hivyo swali la mzee lingefaa kuulizwa mapema zaidi, mbele ya hakimu, kabla amri haijatiwa sahihi: ikionekana umekosea, utamlipa huyu kwa nini? Asiye na jibu asipewe amri. Na aliye nalo, aweke dhamana mezani. Ng'ombe wa Golbanti hawanunuliwi kwa samahani.